Kuunga Mikono ya Gari la Punda: Weldi, Bolti, Bawaba au Komeo la Springi?

Anayeagiza mkokoteni wa punda hapa Malindi huuliza mambo matatu: tairi zitakuwa za gari gani, kitanda kitapakia mitungi mingapi, na kazi itakwisha lini. Mara chache mno huuliza mikono itaungwa vipi. Kwa kuwa hakuuliza, fundi naye hufuata njia iliyo nyepesi kwake: huichomelea kwenye fremu, huipaka rangi, na kuukabidhi mkokoteni chuma kikiwa bado kina joto. Baada ya miezi michache mkokoteni uleule hurudi karakana ukiwa na ufa palepale penye weldi, na pengine punda amekwisha kupata donda mgongoni au ubavuni kwa sababu mikono haikuwahi kumwenea.

Mikono ninayoisema ni ile miti miwili, au siku hizi mabomba mawili ya chuma, inayompita mnyama kulia na kushoto kutoka kwenye gari hadi karibu na mabega yake. Kiungo ni kile kipande kinachoishika mikono hiyo kwenye kitanda au kwenye ekseli. Ni kipande kidogo, lakini katika karne ya 19, wakati Uingereza na Marekani zilipokuwa zikitembea kwa magari ya farasi, wavumbuzi walisajili hataza nyingi sana kwa ajili yake peke yake, kila mmoja akidai kuwa chake hakigongi, hakilegei na hufunguka bila spana. Nimevitengeneza na kuvirekebisha viungo vya namna zote nne nitakazozilinganisha hapa, vingine kwa hiari yangu na vingine kwa kulazimishwa na wateja, na hukumu nitakayotoa ni ya mtu anayefanya kazi penye mchanga na chumvi.

Swali la kwanza halihusu chuma. Linahusu idadi ya magurudumu, kwa sababu gari la magurudumu mawili na gari la magurudumu manne hudai viungo vinavyopingana kabisa, na makosa makubwa niliyoyaona yote yameanzia kwa mtu kuchukua kiungo cha gari moja na kukitia kwenye gari jingine.

Mkokoteni wa magurudumu mawili hauwezi kusimama wenyewe. Unakaa juu ya ekseli kama ubao wa pembea, na kinachouzuia usiangukie mbele au nyuma ni mikono, ambayo imelala kwenye tandiko la punda kwa mbele na kushikwa na mshipi wa tumboni kwa chini. Kwa hiyo mikono ya mkokoteni huu ni sehemu ya fremu yenyewe: ni lazima iwe imara, isipinde juu wala chini pale inapoungana na kitanda. Chukua mfano wa muuza maji mwenye mitungi 15 ya lita 20, ambayo ni kilo 300 za maji bila kuhesabu mitungi yenyewe, na tuseme umbali kutoka ekseli hadi kwenye tandiko ni sentimita 180. Kitovu cha mzigo kikiwa sentimita 5 mbele ya ekseli, punda hubeba mgongoni kilo 8 na kidogo. Mitungi hiyohiyo ikisogezwa mbele hata kitovu kikawa sentimita 20 mbele ya ekseli, mgongo hupokea kilo 33. Kitovu kikienda nyuma ya ekseli, mikono hutaka kupaa na mshipi wa tumboni humbana punda pumzi. Barabara ikiteremka, hata kwa kiasi cha mita 1 kwa kila mita 10, mzigo ambao kitovu chake kiko sentimita 60 juu ya ekseli husogea mbele karibu sentimita 6, na kilo nyingine 10 humwangukia mnyama. Nguvu zote hizo, za kushuka na za kupaa, hupita kwenye kiungo.

Gari la magurudumu manne lina hali nyingine. Lenyewe limesimama, halihitaji mnyama kulishikilia, na mikono yake kazi yake ni kuelekeza magurudumu ya mbele na kulizuia gari lisimkanyage mnyama linaposimama. Gurudumu likipanda tuta huku punda bado yuko bondeni, mikono isiyopinda ingemnyanyua au ingejivunja. Ndiyo maana mikono ya gari hili huungwa kwa bawaba inayocheza juu na chini kwenye ekseli ya mbele, na ndiyo maana wale wavumbuzi wa karne ya 19 walihangaika na kipande hicho, kwani kitu kinachocheza hulegea, na kilicholegea hugonga.

Basi tuanze na weldi. Sifa yake ni bei na wakati. Hakuna tundu la kutoboa, hakuna bolti ya kununua, na siku ya kwanza haina mchezo hata kidogo, jambo ambalo kwa mkokoteni wa magurudumu mawili ni zuri. Ubaya wake hujificha pembeni mwa weldi, pale ambapo chuma kimebadilika kwa moto na ambapo pia mkono hupinda zaidi kuliko mahali pengine popote. Mabomba mengi yanayotumika ni membamba, ya unene wa milimita 2, na ufa huanzia chini, upande ambao mtu haoni mpaka mkono unapoanza kulegea. Dawa inayopendwa ni kubandika kipande cha chuma bapa juu ya ufa na kuchomelea tena, lakini kufanya hivyo husogeza tu mahali pa kuvunjika kutoka palipokuwa hadi pale kiraka kinapoishia. Nimeona mkono wenye viraka vitatu vilivyofuatana kama vyeo begani mwa askari.

Hata hivyo ufa si sababu kubwa inayonifanya nisiipende weldi. Sababu kubwa ni kwamba inamlazimisha punda aufuate mkokoteni badala ya mkokoteni kumfuata punda. Punda wetu hawalingani urefu wala upana, na mtu anayemiliki mkokoteni mmoja huweza kuwatumia punda wawili au watatu kwa zamu. Mikono iliyochomelewa ina urefu mmoja na upana mmoja milele. Ikiwa mifupi, kitanda humgonga punda miguu ya nyuma kwenye mteremko. Ikiwa mirefu, ncha zake humchoma shingoni anapogeuka. Tena punda akianguka kati ya mikono, huwezi kulitenga gari naye isipokuwa kwa kukata mikanda, na mnyama aliyelala chini ya uzito wa mitungi hakupi nafasi ya kutafuta kisu.

Kijana mmoja aliyeniletea mkokoteni wake kutoka upande wa Barani aliniambia kwa upole, "Ami, wewe nichomelee tu, mimi punda wangu ni mmoja." Nilimchomelea. Mwaka uliofuata alikuwa na punda mwingine, mrefu kuliko wa kwanza kwa kiganja kizima, na tulianza kukata upya.

Chaguo la pili, ambalo ndilo ninalolipendekeza kwa mikokoteni mingi ya hapa, ni mkono unaoingia ndani ya bomba jingine lililoshikamana na fremu, kisha ukafungwa kwa bolti mbili. Bomba la nje la pembe nne la milimita 50, lenye unene wa milimita 3, huacha nafasi ya milimita 44 ndani. Mkono wa milimita 40 huingia humo na kubakiza milimita 4 za kucheza. Milimita 4 huonekana si kitu, lakini ikiwa mkono umeingia sentimita 40 tu ndani ya bomba, mchezo huo huzidishwa kwenye ncha iliyo mbele kwa sentimita 180 na kuwa karibu sentimita 2, na ncha inayocheza sentimita 2 kwa kila hatua ya punda ndiyo inayokula ngozi yake. Kwa hiyo pengo hilo hujazwa kwa vipande vya chuma bapa vya milimita 2 kila upande, au kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tairi kuukuu ukasuguliwa mpaka uingie kwa kubana. Mimi hupenda mpira, kwa sababu hupunguza mtikisiko kabla haujafika mgongoni, ingawa hulazimu kubadilishwa unapochakaa.

Hapa ndipo mafundi tunapokosea kwa wingi, kwa kudhani kuwa nguvu ya kiungo hiki imo katika unene wa bolti. Imo zaidi katika umbali kati ya bolti moja na nyingine. Punda akigeuka kwa ghafla na kuusukuma mkono kando kwa nguvu ya kilo 20 tu, huku mkono ukiwa na urefu wa mita 1.8, na mkono huo ndio unaobeba nguvu hiyo peke yake, basi bolti zilizoachana sentimita 20 hupokea nguvu ya kilo 180 kila moja. Bolti hizohizo zikiwekwa sentimita 8 mbalimbali, kila moja hupokea kilo 450. Hujaongeza mzigo wala hujabadili punda. Umesogeza tundu tu. Fundi akikuonyesha kiungo chenye bolti mbili nene zilizokaribiana kama macho ya bundi, mwombe atoboe tundu jingine mbali zaidi, na bolti ya milimita 12 itatosha.

Jambo la pili katika bolti ni nyuzi zake. Bolti ya milimita 12 penye mwili laini ina eneo la mkato la milimita za mraba 113, lakini penye nyuzi chuma kinachobaki cha kuhimili ni kama 84, yaani robo nzima imeondoka. Ukinunua bolti yenye nyuzi mwili mzima, sehemu dhaifu ndiyo inayokaa pale ambapo mkono na bomba husukumana, na tena nyuzi zile hufanya kazi ya tupa, zikilipanua tundu kidogo kidogo hadi linakuwa na umbo la yai. Inafaa kununua bolti ndefu yenye mwili laini wa kutosha, hata kama ni kuilipia zaidi, na kuiwekea nati ya kujikaza au nati mbili zilizobanana. Kichwa cha bolti kikae upande wa punda na nati ikae nje, ili kama kuna kitu cha kukwaruza, kikwaruze ukuta wa jirani.

Matundu yatobolewe katikati ya ubavu wa bomba na si karibu na pembe. Ukitoboa manne kwenye mkono, kwa umbali wa sentimita 10 kila moja, na yale mawili ya bomba la nje yakabaki sentimita 20 mbalimbali, umepata mkokoteni unaoweza kurefushwa na kufupishwa kwa kumfuata mnyama. Ziada ya matundu, hata hivyo, ni udhaifu. Mkono uliotobolewa kama kichungi hauchukui muda kukatika.

Kuna ubaya mmoja wa bolti ambao watu wa bara huweza wasiuone kwa miaka mingi, lakini hapa pwani huonekana upesi, nao ni kutu. Upepo wa kusi ukivuma, chumvi huingia kila mahali, na bolti ya chuma cha kawaida isiyopakwa kitu hushikamana na tundu lake hata kuifungua ni kwa gurudumu la kukatia. Bolti iliyochovywa zinki hukaa zaidi. Ya chuma kisichoshika kutu hukaa zaidi ya hiyo, lakini nati na bolti za aina hiyo zina tabia ya kung'ang'aniana zikikazwa kavu, kwa hiyo zipakwe grisi kabla ya kukazwa. Yeyote anayechagua kiungo cha bolti na asiye na nia ya kuzifungua na kuzipaka grisi walau mara mbili kwa mwaka, kusi inapoingia na kaskazi inapoingia, atakuwa amenunua weldi kwa bei ya bolti.

Sasa bawaba. Kiungo hiki ni masikio mawili ya chuma yaliyofungwa kwenye ekseli ya mbele, mara nyingi kwa bolti yenye umbo la U inayoizunguka ekseli, na kati ya masikio hayo huingia jicho la chuma lililo mwisho wa mkono, kisha pini ikapita katikati ya vyote vitatu. Uzuri wake wa kwanza ni kwamba pini imeshikwa pande mbili: ili ikatike ni lazima ikatwe mahali pawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo pini ya milimita 12 hufanya kazi kama ingekuwa na eneo la milimita za mraba 226. Ndiyo sababu bawaba yenye sikio moja tu, ambayo mafundi wengine huitengeneza kwa kubana matumizi ya chuma, si nusu ya bawaba. Ni kitu kingine, maana pini yake haikatwi tu bali hupindwa pia.

Bawaba huliwa na mchezo wake yenyewe. Kila hatua ya farasi au punda huizungusha pini kidogo ndani ya jicho, na gari likienda kwa mwendo wa mchakamchaka kwenye barabara ngumu, chuma hugonga chuma kwa mlio unaoweza kuwasikizisha watu wa mtaa wa pili. Wenzetu wa zamani kule Marekani walisukuma kipande cha ngozi au cha mpira nyuma ya jicho ili kulibana, na wengine wakaweka springi bapa inayolisukuma jicho daima upande mmoja. Ngozi hunyonya maji ya mvua na kuoza, hasa kwetu. Mpira ni bora, kwa sharti kwamba usipakwe grisi wala mafuta ya mashine, kwa sababu mpira wa asili huvimba na kulainika kwa mafuta hayo. Grisi yenyewe ina shida nyingine hapa: ikichanganyika na mchanga hugeuka kuwa kama ule unga wa kusagia vali, ikalila jicho badala ya kulilinda. Katika bawaba ninazotengeneza, mpira huachwa mkavu na pini hubadilishwa. Pini ni rahisi kuliko jicho.

Kosa nililolitaja mwanzo lilinipata mimi mwenyewe kwenye bawaba. Mteja mmoja alikuja na picha kwenye simu, gari zuri jeusi la farasi lenye magurudumu manne, akanionyesha kwa kidole pale mikono inapoungana na ekseli, akataka mkokoteni wake wa magurudumu mawili ufanyiwe hivyohivyo ili punda apumzike na mitikisiko. Nilimweleza kwamba hautasimama. Alisisitiza, na mimi kwa sababu ya haya na kwa sababu ya malipo ya awali nilikubali. Tulipomfunga punda na kupakia mawe mawili tu, kitanda kilikaa kitako nyuma kama mzee aliyechoka, mikono ikabaki imelala vizuri mgongoni kwa punda bila kujua kilichotokea. Hakuna aliyeumia isipokuwa sifa yangu. Bawaba inayocheza juu na chini haiwezi kuwa katika mkokoteni wa magurudumu mawili bila kitu cha kuizuia.

Kipo kisa kimoja ambapo bawaba na kizuizi hukutana kwa faida, nacho ni mkokoteni wa kumwaga. Kitanda hukaa kwenye bawaba karibu na ekseli, na kwa mbele hushikwa na komeo juu ya mikono. Mchukuzi akifika kwenye jengo hufungua komeo, kitanda kikainuka mbele na mchanga ukamwagika wenyewe nyuma, huku punda akiwa bado kwenye mikono. Kwa wanaopakia mchanga wa Mto Sabaki au kokoto, chombo hicho huokoa nusu ya kazi ya sepetu. Komeo lake lakini lazima liwe na pini ya pili ya usalama, kwani likifunguka njiani kitanda huinuka mbele kwa ghafla na mzigo wote humwagwa barabarani.

La nne ni komeo la springi, yaani kiungo kinachofunguka na kufunga bila spana. Kimeumbwa kwa ajili ya gari la magurudumu manne ambalo leo huvutwa na mnyama mmoja kwa mikono miwili na kesho na wanyama wawili kwa mti mmoja wa katikati, na mwenye gari hataki kukaa nusu saa akifungua nati. Jicho la mkono huingia kwenye mdomo wa kiungo, ulimi unaosukumwa na springi huruka nyuma yake, na kwa wakati uleule springi hiyo hulibana jicho lisigonge. Kwa hiyo kinatibu maradhi mawili kwa dawa moja. Jamii ya Waamishi wa Pennsylvania, Ohio na Indiana huko Marekani, ambao hadi leo hutembea kwa magari ya farasi, bado wana mafundi wa vipuri vya magari hayo, na huko mtu akivunja springi hupata nyingine bila taabu.

Hapa kwetu springi ikivunjika, umepata pambo. Mchanga huingia nyuma ya ulimi na kuuzuia usirudi mahali pake, chumvi huila springi nyembamba kabla ya kuila pini nene, na jambo la hatari zaidi ni kwamba komeo ambalo halikufunga sawasawa huonekana kwa nje kama lililofunga. Bolti iliyolegea hulia na kutikisika siku nyingi kabla ya kutoka. Komeo hutoka bila kuaga. Anayelitumia afunge na ukanda wa akiba kutoka kwenye mkono hadi kwenye ekseli, kama walivyofanya waendeshaji waangalifu wa zamani, ili kiungo kikifunguka mkono usidondoke chini na kuchimba barabara ukimfuata mnyama anayekimbia kwa hofu.

Mtu anayevutiwa na wepesi wa komeo lakini haamini springi ana njia ya katikati, ambayo nashangaa kwamba haijaenea. Maduka ya vipuri vya trekta huuza pini nene zilizokwisha kutobolewa mwishoni, pamoja na kile kipini kidogo chenye pete kinachojifunga chenyewe. Pini ya kiungo cha juu cha trekta ndogo ina kipenyo cha milimita 19, sawa na milimita za mraba 283, nguvu ambayo hakuna punda atakayeimaliza. Ukitumia pini mbili za namna hiyo badala ya bolti kwenye mkono wa kuingiza, unaweza kuutoa mkono kwa vidole viwili, hata punda akiwa amelala chini. Mchezo wake ni mkubwa kidogo kuliko wa bolti iliyokazwa, kwa sababu pini haibani. Ule ukanda wa mpira ndani ya bomba ndio unaolipia kasoro hiyo. Mikokoteni miwili niliyoifunga hivi inabeba mawe ya matimbo, na kinachochakaa mpaka sasa ni mpira.

Kabla mtu hajanunua kiungo chochote kati ya hivi, aangalie pia punda anavuta kwa kitu gani. Mikono haikuumbwa kuvutia. Nguvu ya kuvuta inatakiwa ipite kwenye mkanda wa kifuani na kamba zake mbili hadi kwenye kijiti kinachochezacheza katikati ya fremu, na nguvu ya kuzuia ipite kwenye mkanda wa nyuma ya mapaja hadi kwenye mikono. Wengi wetu hufunga kamba ya kifuani moja kwa moja kwenye mikono ili kuokoa kamba na kijiti, na hapo kila hatua ya mguu wa kulia huuvuta mkono wa kulia, ya kushoto ikauvuta wa kushoto, hadi matundu yote ya bolti yanageuka mayai. Mtu wa namna hiyo akibadilisha kiungo mara kumi atakuwa analaumu chuma kwa kosa la kamba.

Kwa hiyo, nikiulizwa na muuza maji wa Malindi mwenye magurudumu mawili na punda zaidi ya mmoja, nitamjibu mkono wa kuingiza, bolti mbili za milimita 12 zilizoachana sentimita 20, ukanda wa mpira, na kama fedha inaruhusu, pini za trekta badala ya bolti. Mwenye punda mmoja, mkokoteni mmoja na mfuko mwepesi anaweza kuchomelea, lakini aweke bamba la pembetatu chini ya kila mkono ili nguvu isiishie kwa ghafla mwisho wa weldi, na aliagize bomba la milimita 3 badala ya 2. Wa mchanga nimeshamtaja. Mwenye hoteli anayetaka gari la magurudumu manne la kuwatembeza wageni anahitaji bawaba ya masikio mawili yenye mpira, na asishawishike na komeo la springi isipokuwa kweli ana mikono na mti wa katikati vya kubadilishana. Hata hapo, pini ya trekta ndani ya bawaba ileile humtimizia haja.

Wa Lamu nitamjibu kwa ufupi. Ndani ya mji wa kale, ambao uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, vichochoro vingi havimpishi mkokoteni na mtu kwa pamoja, na punda wa huko hubeba mchanga na mawe kwa shogi mgongoni. Hapo kiungo bora ni kutokuwa na mikono kabisa, na fedha ya bolti iende kwenye tandiko nene. Ikiwa kazi yake iko nje ya mji, kwenye njia pana za mchanga, basi maneno ya muuza maji wa Malindi yanamhusu pia, isipokuwa tairi ziwe pana zaidi, kwa sababu gurudumu linalozama mchangani humfanya punda ayumbe kushoto na kulia kutafuta nguvu, na huko kuyumba ndiko kunakozitesa bolti kuliko mzigo wenyewe.

Kwa yeyote aliye na mkokoteni tayari na anayetaka kujua hali ya kiungo chake kabla ya kuja kwangu au kwa fundi mwingine, amfungue punda, aegemeze kitanda kwenye tofali, kisha aishike ncha ya mkono mmoja na kuusukuma kushoto na kulia huku mtu wa pili ameweka kidole pale mkono unapoingia kwenye fremu. Kidole kikihisi mwendo kabla ya fremu kutikisika, tundu limekwisha kupanuka na bolti mpya haitasaidia. Tundu hilo lizibwe kwa weldi, lisawazishwe kwa tupa na kutobolewa upya. Kisha apitishe kitambaa cha pamba chini ya bomba, pembeni mwa weldi, taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Uzi wa kitambaa hunasa kwenye ufa ambao jicho halijauona bado.